Kama tatizo letu ni kuacha dini tu, mbona Ibn Khaldun aliyekuwa kadhi hakuanzia hapo?

#1 Kalamu Nyeusi
Wakuu, salaam kwenu.

Ijumaa iliyopita khatibu katuambia tena yale yale: Waislamu tumeanguka kwa sababu tumeiacha dini, tukiirudia kila kitu kitanyooka chenyewe. Sibishi kwamba tumeiacha. Kinachonisumbua ni kwamba nimetoka kuimaliza Muqaddima, kitabu cha Ibn Khaldun, mwanahistoria wa karne ya 14 (nusu kwa Kiarabu changu cha madrasa, nusu kwa tafsiri), na huyo bwana alikuwa kadhi mkuu wa Kimaliki mjini Cairo. Mtu wa fiqhi hasa. Lakini akikaa kueleza kwa nini dola inazeeka na kufa, haanzi na sala. Anaanza na watu kuacha kuoneana uchungu, yaani kupotea kwa ule mshikamano anaouita asabiyya. Kisha kodi zinapanda, mtawala anaingia sokoni kushindana na raia wake, ulinzi anaachiwa askari wa kulipwa, na wajukuu waliozaliwa juu ya mito laini wanadhani cheo walizaliwa nacho.

Nadai hivi: tungemsoma huyu na wenzake wa zamani kwa makini, tungeacha kutibu kila ugonjwa kwa mawaidha. Vijana kukosa kazi, vita vya madhehebu, wasomi kukimbia nchi zao, majeshi yanayomiliki viwanda, vyote vina maelezo kwenye vitabu vyetu wenyewe, na maelezo hayo ni ya kijamii.

Nani anabisha?

#2 Kobe Mzee
Nimekaa mbele. Wenye elimu njooni.

#3 Ustadhi wa Zamu
Nabisha kidogo. Mleta uzi umesoma sura unazozipenda. Ipo sura anayosema maisha ya mjini yakishakolea ndiyo mwisho wa umri wa umran (ustaarabu), na pale anataja uongo, kamari, udanganyifu, wizi, zinaa, riba. Hayo ni maadili, si kodi. Tofauti yake na khatibu wako ni mpangilio: kwake maovu yanatoka kwenye anasa, na anasa inatoka kwenye ufalme uliotulia. Khatibu ameshika pembe ya mwisho ya mnyororo.

Na usisahau, amesema wazi kwamba Waarabu hawapati ufalme mkubwa ila kwa rangi ya dini: utume, uwalii, au athari kubwa ya dini kwa jumla. Kwa hiyo dini imo, tena katikati.

#4 Kalamu Nyeusi
Ustadhi, la kwanza nimelikubali, nilipita juu juu. La pili geuza kurasa chache mbele: anasema pia daawa ya dini isiyo na asabiyya haitimii. Anawataja watu wema wanaosimama kuondoa munkari (maovu) bila nguvu yoyote nyuma yao, wakaangamia wao na waliowafuata. Dini inaizidishia asabiyya nguvu, lakini haikai mahali pake.

#5 Bahari Shwari
Uzi mtamu. Mimi namjua huyu Mmisri kupitia Reagan 😀 Rais wa Marekani alimtaja mwaka 1981 akitetea kupunguza kodi. Mwanzoni mwa dola kodi ndogo inaleta mapato makubwa, mwishoni kodi kubwa inaleta mapato madogo. Pia alisema dola inaishi vizazi vinne, miaka 120, basi. Hesabuni wenyewe nchi zenu zimebakiza mingapi.

#6 Mwanasheria Mchovu
Bahari Shwari, posti moja makosa mawili, umejitahidi.

Si Mmisri. Alizaliwa Tunis mwaka 1332, ukoo wake ulitoka Andalusia na unajinasibisha na Hadhramaut. Cairo alifika akiwa mtu mzima, akafia huko 1406.

Pili, vizazi vitatu, si vinne. Kizazi kimoja kwake ni miaka 40, mara tatu ndiyo 120. Vinne ni hesabu nyingine kabisa, ya hadhi ya nyumba: aliyejenga, mwanawe aliyemwona akijenga, mjukuu anayeiga kwa mazoea tu, kitukuu anayedhani heshima haikujengwa na mtu bali ipo tu kama mawingu. Watu huzichanganya sana.

La Reagan ni kweli. Ila wanaomtumia kupunguza kodi huwa wanaruka ukurasa anaosema dola ndiyo soko kuu kuliko yote, mtawala akifungia pesa, masoko mengine yote yanadorora. Huo ukurasa nao una mashabiki wake, tena kambi ya pili kabisa.

#7 Bahari Shwari
Nimepokea bakora zote mbili. Asante wakili.

#8 Fundi Saa
Mimi si msomi, nitasema nilichoona. Nasali kwenye msikiti wenye kamati mbili. Ndiyo, mbili. Waligombana juu ya nani awe katibu, wakagawanyika, kila upande una muhuri wake na daftari lake. Kisima cha udhu kina pampu ya umeme. Imekufa miezi minane sasa. Mimi mwenyewe niliifungua: ni kapasita tu imeungua, kifaa kinachoingia kiganjani. Nikasema nitakitoa mimi. Kamati ya kwanza wakaniuliza, "umetumwa na wale?" Kamati ya pili wakasema nikiitengeneza nisimtajie mtu, wale wengine wasije wakajisifia. Nikafunga boksi langu la vifaa nikaenda zangu. Watu wanachota kwa ndoo.

Sasa mleta uzi, unasema tumekosa asabiyya. Pale msikitini kwetu imezidi! Kila upande uko tayari kufa na wake.

#9 Mpiga Ramli
Pampu yenu imefikia kizazi cha tatu hiyo 😂

#10 Mama Wawili
Fundi Saa kaniwahi. Neno lenyewe ndilo tatizo. Kwenye hadithi sahihi, Muhajirina na Answari walipoanza kuitana kiukoo, "enyi Answari", "enyi Muhajirina", Mtume (s.a.w.) alisema iacheni hiyo, inanuka. Halafu leo tunaambiwa hiyo inayonuka ndiyo injini ya ustaarabu? Hebu wanaume mtufafanulie.

#11 Ustadhi wa Zamu
Bi Mama Wawili, swali hilo Ibn Khaldun kaliona mwenyewe akalijibu. Anasema sheria imelaumu asabiyya ya kijahiliya, ya kujivunia nasaba na kusimama na batili kwa kuwa ni ya jamaa yako. Lakini haikutaka ing'olewe kabisa, kama ambavyo haikutaka kung'oa hasira: mtu asiye na hasira hata kidogo hawezi kuitetea haki. Kwa hiyo chombo ni kimoja, kinaulizwa kinatumika wapi.

#12 Mama Wawili
Jibu zuri kwenye karatasi, maalim. Kwenye ndoo za Fundi Saa kila upande unaamini umesimama na haki.

#13 Kalamu Nyeusi
Hapa nijitetee. Asabiyya ya Ibn Khaldun ina ngazi. Ndani ya kabila moja kuna asabiyya nyingi ndogo ndogo, na lazima iwepo moja yenye nguvu ya kuzimeza zile nyingine ziwe kitu kimoja, ama sivyo wanatawanyika. Kwa hiyo msikiti wa Fundi Saa haukuzidiwa na asabiyya, umekosa ile kubwa. Irak, Libya, Yemen, Lebanon, tazama utaona ndogo zimejaa, kubwa hakuna.

#14 Kichwa Ngumu
Na hiyo kubwa inapatikanaje? Kwa upanga, kwa mujibu wake. Anasimama mtu na kundi lake, wanawashinda wengine. Karne ya 14 hilo lilikuwa jambo la kueleza. Leo ukilifanya dawa, umewaandikia vijana cheti cha vita. Mimi naona huyu mzee alikuwa tabibu wa kutaja ugonjwa. Dawa hakuandika, na mkimlazimisha aandike mtaumia.

#15 Mwanasheria Mchovu
Nakazia #14. Tena tuongeze kwamba mwenyewe siasa ilimshinda. Fez, kwenye Morocco ya leo, alifungwa karibu miaka miwili. Alihama mabwana mpaka ukichora mchoro wa maisha yake unapata kizunguzungu. Ndipo akajifungia kwenye ngome ya Qal'at Ibn Salama, kwenye Algeria ya leo, mwaka 1377 akaandika rasimu ya Muqaddima kwa miezi mitano. Na humo humo kuna sura inasema wanazuoni ndio watu walio mbali kuliko wote na mambo ya siasa. Nadhani alikuwa anajitazama kwenye kioo.

#16 Mpiga Ramli
Mwaka 1401 aliteremshwa kwa kamba kwenye ukuta wa Damascus akamwone Timur, mtawala mvamizi aliyeuzingira mji. Katoka na kuuza nyumbu wake. Hiyo haimo kwenye vitabu vya nadharia 😂

#17 Kobe Mzee
Nyumbu??

#18 Mwanasheria Mchovu
Ni kweli, kasimulia mwenyewe kwenye maisha yake. Timur alimpenda yule nyumbu (baghala wa kupanda, si wa porini) akataka kumnunua. Ibn Khaldun akasema mtu kama mimi hamuuzii mtu kama wewe, chukua. Malipo akaletewa baadaye akiwa amesharudi Cairo, na hakuyapokea mpaka alipopata ruhusa ya sultani, asije akaonekana kala na adui. Huyo ndiye mwanasiasa wetu.

#19 Daftari la Hesabu
Naomba niwatoe kwa Ibn Khaldun kidogo, maana kila uzi wa aina hii anasimama yeye peke yake kama vile wengine hawakuzaliwa.

Kazi yangu ni hesabu. Nimewahi kupewa nikague vitabu vya wakfu mmoja, sitaji wapi. Hati imeandikwa zamani, karatasi imekuwa rangi ya chai, na sharti la aliyeweka wakfu linasema pango la vyumba vinne litumike kununua mafuta ya taa za msikiti. Msikiti una umeme tangu kabla sijazaliwa. Kila mwezi pango linakusanywa, linaandikwa kwenye safu ya "mafuta ya taa", na linakaa. Halitumiki. Bill ya umeme inalipwa kwa kupitisha kofia baada ya sala! Nilimuuliza mutawalli (msimamizi wa wakfu) kwa nini wasilipie umeme kwa hizo pesa. Akanijibu, "Sharti la mwenye wakfu ni kama nassi ya Mwenye sheria, kijana." Na paa la vyumba vile vile vinne linavuja.

Sasa niambieni hapo asabiyya inaingia wapi. Hakuna ugomvi, hakuna anasa, hakuna mwizi hata mmoja. Kuna chombo kilichokufa kikiwa kimesimama.

#20 Kichwa Ngumu
Hii ndiyo posti bora mpaka sasa. Wapo wanauchumi wanaosema wakfu ulikuwa ndilo shirika kuu la huduma kwenye miji ya Kiislamu, hospitali, madrasa, visima, halafu ukashindwa kubadilika kwa sababu ulifungwa na neno la mtu aliyekwisha kufa.

#21 Ustadhi wa Zamu
Taratibu. Kauli ile mutawalli kaitumia vibaya. Wapo mafakihi walioifafanua kwamba ni kama nassi (andiko la sheria) katika kufahamu makusudio ya aliyeweka wakfu, na makusudio hapo ni mwanga, si mafuta. Mahanafi wana mlango mzima wa istibdali, kubadilisha mali ya wakfu iliyokosa manufaa. Ibn Taymiyya, mwanazuoni wa Kihanbali, akaenda mbali zaidi, akaruhusu kubadilisha kwa lililo bora hata kama la zamani bado lina faida. Na karne ya 16 Uturuki wa Kiosmani wanazuoni walibishana hasa juu ya wakfu wa pesa taslimu: Ebussuud, sheikhul-Islamu, akauruhusu, Birgivi akaupinga vikali. Ukaenea. Kwa hiyo fiqhi haikufa. Aliyekufa ni fakihi ndani ya kamati.

#22 Daftari la Hesabu
Ustadhi, hayo unaweza kuyaandika vizuri tukayatumia? Nauliza kweli.

#23 Mlinzi wa Usiku
Salaam. Kabla hamjamfanya Ibn Khaldun mtume wa sosholojia, kuna jambo halijatajwa na sisi ndio wa kulitaja. Watu weusi wa kusini ya mbali amewaandika vibaya, amesema tabia zao zinakaribia za wanyama. Nilipofika pale nilifunga kitabu wiki nzima.

#24 Mama Wawili
Asante kwa kulisema. Nilikuwa nangoja nione nani atathubutu.

#25 Kalamu Nyeusi
Ni kweli, na nilipaswa kulitaja kwenye posti ya kwanza. Haki yake tumpe hii tu: sura hiyo hiyo anaivunja ile ngano kwamba weusi ni laana ya Hamu mwana wa Nuhu. Anasema rangi ni hali ya hewa na joto la jua, na kwamba mtu mweusi akihamia kwenye baridi uzao wake utapauka kidogo kidogo. Kwa karne yake hilo la laana lilikuwa limeenea.

#26 Mlinzi wa Usiku
Ngano kaivunja, dharau kaiacha. Kaitafutia sababu ya kisayansi tu. Hiyo ndiyo hatari ya "mfikra wa zamani kasema": akikosea, kosa nalo linavaa kilemba. Simtupi, namsoma, ila namsoma nikiwa nimesimama.

#27 Kobe Mzee
"Namsoma nikiwa nimesimama". Nimeiandika.

#28 Bahari Shwari
Tukiwa kwenye maneno, hamuoni ajabu? Umran sisi tunaitafsiri "ustaarabu", neno lililobeba Waarabu tumboni. Na yeye mwenyewe ana sura inasema Waarabu wakiishinda nchi, haichukui muda inakuwa magofu. Wafasiri wanahangaika kueleza kwamba hapo alikusudia mabedui wa kuhamahama. Na kwetu "bedui" ni mtu asiye na adabu! Kiswahili kimemjibu Ibn Khaldun bila kumsoma.

#29 Mwanasheria Mchovu
Safari hii hujakosea, hongera 😀 Ongeza hii: umran na umri ni mzizi mmoja. Ndiyo maana inamkalia rahisi kusema dola ina umri kama mtu.

#30 Msoma Ramani
Na hapo kwenye umri ndipo nadharia inapovunjika mguu. Kumtumia Ibn Khaldun kwa matatizo ya leo si jambo tumelianza sisi. Waosmani walifanya hivyo karne ya 17. Katip Çelebi, mwandishi wao, alifananisha dola na mwili: wanazuoni damu, askari kohozi, wafanyabiashara nyongo ya njano, raia wakulima nyongo nyeusi, kimoja kikizidi mwili unaugua. Naima, mwanahistoria wao, akaja na mzunguko wa Ibn Khaldun kutetea mkataba wa amani wa Karlowitz wa 1699: tumefika umri wa uzee, tupumzike vita, tujitengeneze. Wote wawili waliamini uzee unaweza kucheleweshwa kwa utawala mzuri. Na dola yao ilikaa tangu karibu 1299 mpaka 1922. Ukigawa kwa 120 inakuwa imekufa na kufufuka mara tano.

Kwa nini? Kwa maoni yangu kwa sababu walikuwa na ofisi, madaftari, mafunzo ya watumishi. Asabiyya ikichoka, karani anaendelea kuandika. Hilo nadhani Ibn Khaldun hakulipa uzito wa kutosha.

#31 Kichwa Ngumu
Hapo umekutana na Daftari la Hesabu #19. Karani anaendelea kuandika "mafuta ya taa".

#32 Msoma Ramani
😂😂 Nimekwama. Nipe muda.

#33 Tone la Wino
Wakuu, mimi nashangaa mnatafuta mchawi wakati nyayo zipo. Karne mbili za ukoloni mmeziruka. Mahakama zilivunjwa, wakfu zikataifishwa, Ufaransa ilianza na hizo mapema kabisa ilipoingia Algeria baada ya 1830, mipaka ikachorwa na wengine. Halafu tunajiuliza kama tatizo ni anasa!

#34 Kalamu Nyeusi
Tone la Wino, kwa hilo Ibn Khaldun naye ana sura: aliyeshindwa daima humuiga aliyemshinda, mavazi, alama, mwenendo, kwa kuwa nafsi inaamini mshindi kakamilika. Malek Bennabi, Mualgeria mwenyewe, akaja karne ya 20 na swali gumu kuliko lako: kipi kilitufanya tuwe wa kutawalika kabla hawajaja?

#35 Tone la Wino
Swali la Bennabi nalijua na silipendi. Linamwachia mwizi na kumhoji mwenye nyumba kwa nini mlango ulikuwa wa mbao.

#36 Kobe Mzee
Aisee uzi huu.

#37 Mama Wawili
Narudi na mtu mwingine. Ibn Rushd, kadhi naye, alikufa 1198. Katika ufafanuzi wake wa Plato (Kiarabu chake kimepotea, imebaki tafsiri ya Kiebrania) anasema uwezo wa wanawake katika miji ya zama zake haujulikani, kwa sababu wamewekwa kwa kuzaa na kulea tu mpaka wamekuwa kama mimea. Na kwamba huo mzigo ni mojawapo ya sababu za umaskini wa miji hiyo. Kadhi wa Cordoba! Miaka zaidi ya 800 iliyopita.

Mimi nina shahada ya uhandisi, imo kwenye bahasha, bahasha imo kabatini. Wala sikukatazwa na sheria yoyote. Kila mlango niliogonga niliulizwa mume wangu anasemaje. Anasema nenda! Wakaniambia nimlete aseme mwenyewe. Sasa nyie endeleeni na vizazi vitatu.

#38 Fundi Saa
Dada, uhandisi wa nini?

#39 Mama Wawili
Umeme.

#40 Mpiga Ramli
Pampu imepata mtu wakuu 🙌

#41 Fundi Saa
Wallahi nimecheka peke yangu. Lakini watauliza umetumwa na nani.

#42 Mwanafunzi Mkubwa
Mie nafundisha madrasa. Sura ya Ibn Khaldun iliyonigusa ni ya ukali kwa wanafunzi. Anasema mtoto akilelewa kwa fimbo na ubabe, nafsi yake inabanwa, uchangamfu unaondoka, anaingia uvivu, kisha anajifunza uongo na unafiki ili kukwepa mkono. Anamnukuu Ibn Abi Zayd, fakihi wa Kimaliki, kwamba mwalimu akilazimika kupiga asizidishe mara tatu. Halafu anatoka darasani anaingia dolani: ndivyo inavyokuwa kwa kila taifa lililokaa chini ya ubabe.

Nilikuwa na fimbo ya mkwaju. Kuna mtoto mmoja, tisa hivi, alikuwa akinisomea huku jicho moja liko kwenye msahafu jingine kwenye mkono wangu. Alikuwa hakosei. Siku moja nikamuuliza aya ile maana yake nini, akaanza kulia kwa sababu hakujua jibu gani halina fimbo. Nimeiacha tangu hapo, na wazazi watatu wamehamisha watoto wao kwa kuwa "maalim amelegea".

Watu wanauliza kwa nini wananchi hawasimami kudai haki. Waulizeni walisoma wapi.

#43 Kichwa Ngumu
Maalim, umeongea. Ila naona hatari: sasa tumeshapata sababu sita. Asabiyya, wakfu, ukoloni, wanawake, ofisi, fimbo. Kesho atakuja wa saba.

#44 Msoma Ramani
Wa saba ni mimi tena. Maqrizi, aliyesoma kwa Ibn Khaldun Cairo. Iliingia njaa kubwa Misri mwanzoni mwa karne ya 15, watu wakasema kadari, mto umeshuka. Yeye akakataa kwamba ni mto peke yake. Akataja tatu: vyeo kununuliwa kwa rushwa mpaka vya ukadhi, kodi za mashamba kupandishwa, na sarafu za shaba kuzagaa zikaiondoa fedha na dhahabu. Aliyenunua cheo kwa mkopo lazima aurudishe kwa mgongo wa raia. Mnataka mfano wa kisasa au mnao wenyewe?

#45 Bahari Shwari
Tunao wa kugawa.

#46 Ustadhi wa Zamu
Kwenye hilo niongeze ile hadithi: Mwenyezi Mungu huisimamisha dola adilifu hata ikiwa ya kikafiri, wala haisimamishi dhalimu hata ikiwa ya Kiislamu.

#47 Mwanasheria Mchovu
Ustadhi wangu, leo nakusahihisha wewe. Hiyo si hadithi. Ni kauli aliyoitaja Ibn Taymiyya, na mwenyewe kaileta kwa "inasemwa".

#48 Ustadhi wa Zamu
Astaghfirullah. Kweli kabisa, ulimi umeteleza, na kwenye jambo la kumnasibisha Mtume si la kuteleza. Jazakallahu khayran.

#49 Msafiri Kimya
Nimesoma yote kimya kimya. Mafuta hayajatajwa bado, namaanisha petroli. Mzunguko wa kodi ulihitaji raia alime na afanye biashara ili dola ile. Dola inayochimba chakula chake ardhini haimhitaji raia, inamlisha yeye. Kodi haipandi, basi na ile dalili ya uzee huioni. Huko sidhani Ibn Khaldun ana msaada.

Ninayemrudia mimi ni Mawardi, aliyefia Baghdad 1058. Anasema dunia inatengenea kwa mambo sita: dini inayofuatwa, mamlaka yenye nguvu, uadilifu ulioenea, amani ya wote, neema ya kutosha, na la sita ni matumaini mapana. Anasema bila matumaini hakuna ambaye angejenga kuliko haja ya siku yake wala kupanda asichokuja kula, na kila kizazi kingekuta dunia magofu.

Niko ugenini mwaka wa kumi na moja. Nilipoondoka dini ilikuwepo, mamlaka yalikuwepo tena yenye nguvu sana, chakula kilikuwepo. Siku niliyokata shauri nilikuwa na mche wa mwembe kwenye kopo, nikajikuta nafikiria, niupande wa nini.

#50 Mlinzi wa Usiku
Uliupanda?

#51 Msafiri Kimya
Nilimwachia jirani. Sijauliza.

#52 Kalamu Nyeusi
Wakuu, nilikuja na dai moja, sasa sijui niseme nini kwa khatibu.

#53 Mpiga Ramli
Mpelekee kapasita.

#54 Daftari la Hesabu
Samahani narudi kwenye shida yangu, wengine mna falsafa mimi nina mkutano. Mutawalli kakubali kulijadili Alhamisi baada ya Isha. Ustadhi wa Zamu kanitumia maandishi pembeni, Allah amlipe. Swali: kwenye kamati wapo ambao ukimtaja Ibn Taymiyya wanainuka, na wapo ambao usipomtaja hawasikilizi. Nifanyeje?

#55 Ustadhi wa Zamu
Anza na Mahanafi. Hao hawana mgomvi pale.

#56 Mwanasheria Mchovu
Usitaje jina lolote. Sema "wanazuoni wamesema", soma, kaa chini.

#57 Daftari la Hesabu
Na wakiuliza wanazuoni gani?

#58 Fundi Saa
Hawataulizana hilo ndugu yangu. Watakuuliza umetumwa na nani.